Mume wa Jumamosi

"Shati moja halitoshi, baba Chiriku. Mume gani ana shati moja kabatini?"

"Nimeleta matatu."

"Na suruali?"

"Hii niliyovaa."

Fundi, mama Chiriku, akashusha pumzi, akayatundika mashati yale kwa kuyaachanisha ili yaonekane mengi. Alikuwa fundi cherehani, mwenye kujua jinsi kitambaa kidogo kinavyoweza kudanganya macho. Lakini asubuhi hiyo hata mikono ilimwuma kwa uongo.

Binti yao, msichana wa miaka kumi na sita waliyempa jina la Chiriku kwa sababu ya kusema kwake tangu angali mdogo, alikuwa kituoni. Ni nyumba ya matibabu nje ya mji, wanakokaa vijana waliozama kwenye vidonge na chupa za dawa ya kikohozi, mpaka warudi kuwa watu. Siku ya kumpeleka, mshauri wa kituo aliwauliza, "Nyumbani mnaishi wote wawili?" Wakajibu kwa mdomo mmoja, "Ndiyo." Walikuwa wamesikia kwa wazazi wenzao, pale kwenye benchi la nje, kwamba mtoto harudishwi kwenye nyumba iliyovunjika. Ukweli ni kwamba mume alikuwa amekwisha kuhamia karakana yake ya majokofu.

Leo Jumamosi Chiriku angekuja kulala nyumbani kwa majaribio, na mshauri angekuja naye kuikagua nyumba kwanza.

"Tumekuwa waigizaji uzeeni," mume akasema.

"Mzee nani? Jisemee mwenyewe."

Mume akacheka. Fundi hakucheka, ingawa midomo ilimtekenya.

Gari likasimama nje. Mshauri aliingia mbele, mwanamke mfupi mwenye viatu bapa na uso wa mtu asiyelala vya kutosha. Chiriku alimfuata nyuma, mashavu yamejaa kidogo, nywele zimesukwa na wenzake wa kituoni.

"Shikamoo Mama. Shikamoo Baba."

"Marahaba, mwanangu. Umependeza."

"Nimenenepa, sema tu."

Mshauri hakukaa. Alijaribu madirisha, akatazama mlango wa bafu, kisha akauliza, "Dawa za nyumbani mnaziweka wapi? Za maumivu, za mafua, zote."

"Zimefungiwa," akasema Fundi.

"Vizuri. Baba, nionyeshe wewe."

Mume akatembea kwa mwendo wa mwenye nyumba. Akafungua kabati la jikoni, akakuta sufuria. Akafungua la pili, akakuta foronya.

"Zilikuwa hapa," akasema, shingo ikianza kutoa jasho. "Mama Chiriku ana tabia ya kuhamisha vitu."

"Kila siku nahamisha," Fundi akadakia, upesi kupita kiasi.

Mshauri angeweza kuliacha lipite. Aliyecheka ni Chiriku, na kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

"Baba, jana umelala wapi?"

"Hapa. Wapi tena?"

"Upande gani wa kitanda?"

"Chiriku! Adabu!" mama akafoka.

"Mama, nyumba hii nimeficha chupa mwaka mzima. Ndani ya mto, ndani ya tangi la choo, mpaka ndani ya cherehani yako. Mwongo mwenzangu namjua akipiga hodi tu. Na nyinyi mnaficha vibaya! Nimepita bafuni, mswaki wa Baba bado uko kwenye pakiti."

Fundi alikuwa na uongo mwingine tayari ulimini: baba yako alisafiri kikazi, amerudi leo. Ulikuwa uongo mzuri, umeshonwa ukashonekana. Lakini aliuona mzito, na yeye alikuwa amebeba vingi mno.

"Haishi hapa," akasema. "Aliondoka ukiwa hujitambui, kabla hatujakupeleka."

Chiriku akatikisa kichwa polepole.

"Kule kila asubuhi tunasimama, mmoja mmoja, tunasema tuliyoyaficha. Nimesema yote, hadi pete yako niliyoiuza. Nilikuwa nasema huku najua kuna watu wawili wananingoja nyumbani. Kumbe nangojwa na mashati."

"Tulifanya hivyo ili urudi, mwanangu," baba yake akasema.

"Nani aliwaambia tunataka mume na mke?" mshauri akauliza. Hakupandisha sauti, lakini alikasirika.

"Wazazi wa pale kwenye benchi."

"Benchi halijaajiriwa na kituo, mzee wangu. Tunao watoto wanaorudi kwa bibi, kwa shangazi, kwa mama peke yake. Ndoa zenu hazituhusu. Nilitaka kujua nani atakuwa naye usiku akizidiwa. Mkanipa mtu ambaye hayupo. Mama huyu angelala na mzigo huu peke yake, nami ningekuwa kituoni nimetulia nikijua wako wawili."

Fundi akatazama sakafu aliyoipiga deki tangu alfajiri.

"Leo halali hapa," mshauri akasema. "Samahani."

"Hata mimi sitaki," Chiriku akasema, sauti ikaanza kukatika. "Mmerudiana siku moja kwa ajili yangu. Mama, mimi siwezi kuwa gundi. Mimi mwenyewe nimevunjika, ndiyo kwanza naungwa."

Gari likaondoka naye. Mume akashusha mashati yake yote matatu, akayakunja vibaya, akatoka. Fundi hakumzuia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani mpaka simu ilipolia kwa ujumbe wa mume.

"Nimefika karakana. Nisamehe."

Akaandika: "Kesho alasiri Chiriku anaruhusiwa kupiga simu. Njoo tumpokee wote."

"Nije kama nani?"

Fundi akajibu: "Kama baba yake. Mengine sijui."

Kesho yake wakakaa kwenye kochi, simu mezani, kila mmoja kwenye ncha yake kama abiria wasiojuana.

"Baba upo?" sauti ya Chiriku ikauliza simuni.

"Nipo. Nimetoka karakana. Ndiko ninakoishi, nyuma ya majokofu mabovu."

"Kuna kitanda?"

"Kuna godoro. Panya ana upande wake, nami nina wangu."

Chiriku akacheka kidogo. "Kwa nini uliondoka?"

Mume akasugua magoti. Fundi alidhani atasema uongo.

"Siku ile ulipozidiwa na vidonge, ukaanguka bafuni. Nilikifungua kitasa kwa bisibisi, nikakuona chini. Nikashindwa kuingia. Mama yako alinipita, akakuinua, akakutapisha, akakuita jina. Mimi nimesimama mlangoni na bisibisi mkononi. Mwanamume mzima. Natengeneza kila kitu cha watu, nikashindwa kukuvukia kizingiti."

"Ulifikiri nimekufa?"

"Nilifikiri nisipoingia, haitakuwa kweli. Tangu hapo kila nikimwona mama yako naona ule mlango."

"Mama, ulikuwa unajua hili?"

"Sikujua."

"Sasa miaka yote mlikuwa mnaongea nini humo ndani?"

"Mboga, mwanangu. Mboga na umeme."

"Mungu wangu. Afadhali sisi kule kituoni." Akavuta makamasi. "Kuna mwenzangu anangoja simu. Mama, nikipewa nafasi tena, usinitafutie baba wa kuigiza."

"Sitakutafutia."

"Na wewe Baba, kama hukai hapo, sema hukai. Nitalia, kisha nitanyamaza."

"Nitasema."

Simu ikakatika. Wawili wale hawakuinuka. Nje jua lilikuwa bado juu, na mtu alikuwa anapiga misumari mahali fulani, akiacha, akipiga tena.

"Mbona hukuniambia habari ya mlango?" Fundi akauliza.

"Ningekuambia lini? Jioni ile ile uliniambia toka."

"Nimempakata mtoto, nguo zimelowa matapishi, mtu wa kugombana naye ni wewe peke yako. Hasira husema toka, baba Chiriku. Nani hutoka?"

"Mimi."

"Wewe! Na sanduku kichwani!"

"Nilijua umenichoka."

"Nilikuwa nimechoka. Hilo la kukuchoka uliliongeza mwenyewe. Ungekaa, mjinga wewe. Hata pale mlangoni, ungekaa."

Mume akajifuta uso kwa kiganja. "Mama Chiriku, bado unanipenda, au nimechelewa?"

"Usiniulize mapenzi leo, sina nguvu nayo. Nikuulize mimi. Chiriku akirudi, usiku akitetemeka, akitaka kurukia dirishani, nani ataamka?"

"Mimi."

"Utasimama mlangoni?"

"Nitaogopa," akasema. "Nitaogopa sana. Lakini nitaingia."

Angesema haogopi, Fundi angemfungulia mlango wa kutokea. Lakini kusikia mwanamume huyu akitaja woga wake kwa kinywa chake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kumposa, kulimlegeza mabega.

"Kesho tunampigia mshauri," akasema. "Tutamwambia ukweli wote, pamoja na pale ulipolala."

"Nitakuwa nimelala wapi?"

"Kwenye kochi hili. Na usiku mmoja si ndoa, usianze kuimba."

"Siimbi."

"Na nikishikwa na hasira nikakuambia toka?"

"Sitatoka."

"Basi toka."

Mume akakaa.

Fundi akamtazama mara moja, akavua kiatu kimoja, cha pili kikamshinda. Akaegemeza kichwa kwenye mkono wa kochi, na usingizi ukamchukua hapo hapo, mchana kweupe, kinywa wazi. Mume akainama polepole, asimwamshe, akakivua kile kiatu cha pili.