Mbavu za Jamvi

"Amekonda!"

"Amenenepa!"

"Amekonda, nakwambia! Huna macho?"

"Macho ninayo, tena mawili, na yote yanaona vizuri. Huyo si mbwa, ni mto wa kitandani ulioota mkia."

Chiriku alivua kandambili akamrushia kaka yake. Kaka aliinama, kandambili ikapita juu ya kichwa chake, ikatua karibu na ndoo ya kufulia. Jamvi, ambaye ndiye aliyekuwa akigombaniwa, alijikokota hadi pale, akailalia kwa kifua na kuanza kuitafuna taratibu.

Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi yake kubwa asubuhi, kabla hata ya kufagia ua, ilikuwa kumlisha Jamvi. Mtoto huyo wa mbwa aliletwa na mjomba, dereva wa lori, akiwa bado wa kubebwa kwapani. Mama yake Jamvi ni jibwa linalolinda ghala moja la mbao, kubwa kama ndama, kwa hiyo hakuna aliyeshangaa mtoto alipoanza kurefuka. Meno ya utoto yalikuwa bado yanamng'oka, lakini nyayo zake zilikuwa pana kama visosi, na akisimama alikifikia kiuno cha Chiriku.

"Kama si mnene," kaka aliendelea, "mbona siku hizi hapandi ngazi za mlangoni? Anakaa chini anangoja afunguliwe, kama mgeni aliyekuja kuposa."

"Amechoka kwa sababu hana nguvu. Hana nguvu kwa sababu amekonda. Na tena anakua! Mkanda wake wa kifuani umeanza kumbana upya, lazima mama auongeze."

Kaka alicheka hadi akashika ukuta. "Amekonda, na mkanda unambana? Chagua moja, dada yangu!"

"Kelele!" Mlango wa mbele ulifunguliwa. Mama alitokea na pini tatu katikati ya midomo, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa kiwanda chake. Alizitoa pini mdomoni ili aweze kugomba vizuri. "Nina mteja humu ndani amevaa gauni nusu, anawasikia ninyi mnavyobweka kuliko mbwa mwenyewe. Kuna nini?"

"Mkanda wa Jamvi umembana, mama," alisema Chiriku.

"Tena?"

Mkanda huo mama aliushona mwenyewe kwa turubai, kwa sababu Jamvi alikuwa akijinyonga kila alipovutwa shingoni. Kama anavyofanya kwenye nguo za watoto wanaokua, aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Kila ulipobana alifumua, akaongeza, akashona tena. Sasa akiba yote ilikuwa imekwisha.

Mama alipiga magoti kwenye ua. Alivuta utepe shingoni, akampima Jamvi kutoka shingo hadi mkia, kisha akauzungusha kifuani, kisha tumboni. Jamvi alidhani anabembelezwa, akalala chali.

"Hapa pana jambo," mama alisema, akiutazama utepe kama anayemtazama mteja anayebishia vipimo vyake. "Mtoto akikua, gauni humfupia kwanza. Magoti hutoka nje kabla kifua hakijabana. Huyu urefu umeongezeka kidogo tu, lakini upana umeondoka mbio. Huku si kukua. Chiriku, unampa nini mbwa huyu?"

"Kile kile, mama. Kopo lako asubuhi, kopo lako jioni."

"Basi anaumwa. Nikimaliza gauni hili tunampeleka kwa daktari."

Chiriku alijibu "ndiyo mama" kwa sauti nyembamba isiyokuwa ya kawaida yake, akaenda kuitafuta kandambili.

Ukweli ni kwamba alikuwa na siri, na siri hiyo ilianzia mdomoni mwa mteja. Mwanamke mwenye duka la viatu alikuja siku moja kujaribu gauni, akamwona Jamvi amelala mlangoni, akapaza sauti: "Jamani! Mbwa mkubwa hivi, mbavu nje nje! Mnamlisha upepo?" Wateja wote walicheka. Mama naye alicheka, akasema mbwa bado anarefuka, atajaza baadaye, akaendelea kubana pini zake. Lakini Chiriku hakucheka. Aliona kama ametajwa kwa jina. Nani anamlisha Jamvi? Ni yeye. Kwa hiyo nani anamkondesha? Jioni hiyo alimpapasa ubavuni, akauhisi kila ubavu chini ya vidole vyake, machozi yakamlengalenga.

Hakumuuliza mtu. Kesho yake alipotoka shuleni aliingia kwenye bekari ya kona, ambako mikate iliyovunjika huwekwa kwenye sinia la nyuma.

"Mama anaomba mabaki ya mkate, ya mbwa wetu," alisema.

"Mwambie mama aombe hata kila siku," alijibu mwokaji, mzee mwenye unga hadi kwenye nyusi.

Basi ikawa kila siku. Mikate, ncha za mikate, siku nyingine hata vipande vya keki vyenye sukari juu. Jamvi alivila nyuma ya tangi la maji, upesi upesi, huku Chiriku akichungulia kama kuna anayekuja. Kila mkanda ulipobana, moyo wake ulitulia. Mbavu zilipotea, akafurahi. Lakini bado kila asubuhi alimwona amekonda, kwa sababu hofu ikishaingia machoni ni vigumu kuitoa.

Zahanati ya wanyama ilikuwa na chumba kimoja cha kungojea, chenye benchi refu na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Kwenye benchi alikaa mwanamke aliyempakata paka ndani ya kikapu. Paka alimwona Jamvi, akavimba. Jamvi alimwona paka, akajificha nyuma ya mama.

"Mlinzi huyo," mama alisema. "Wezi watatukoma."

Daktari alikuwa mwanamke mrefu, mikono ya koti imekunjwa hadi kwenye viwiko. Alimwongoza Jamvi juu ya mizani iliyolala sakafuni, akaisoma, akanyanyua nyusi. Akamshika nyonga, akamkunja miguu ya nyuma mmoja mmoja. Kwenye mguu wa kulia Jamvi alilia kidogo, akajaribu kukaa.

"Hm," alisema daktari. "Anakula nini?"

Mama alimgeukia Chiriku. "Mlishaji ni huyu hapa."

Chiriku alizitazama kandambili zake. Moja ilikuwa na alama za meno. "Kopo moja asubuhi, kopo moja jioni."

"Kopo la kiasi gani?"

Mama alionyesha kwa mikono.

"Hicho ni kiasi kizuri kabisa. Hapewi kingine?"

"Hapana," alisema Chiriku.

Daktari alikunja uso. "Basi sijapenda. Chakula cha kiasi hicho hakiwezi kumnenepesha hivi. Huenda kuna ugonjwa ndani, labda kwenye tezi, labda kwingine. Nitamtoa damu nipime, na nitamlaza hapa nimwangalie. Mama, mshikilie kichwa."

Mambo yalikwenda haraka. Walimpandisha Jamvi mezani. Daktari alileta mashine ya kunyolea, akanyoa manyoya kidogo kwenye mguu wa mbele, akapaka pamba yenye spiriti, akafungua sindano. Chiriku aliiona ile sindano, ndefu kuliko alivyotarajia. Alijiambia kwamba ni damu kidogo tu, kwamba watampima, watakuta mzima, watamrudisha, na hakuna atakayejua lolote.

Ndipo Jamvi akanyoosha mguu. Chiriku ndiye aliyemfundisha kusalimia, na Jamvi alipoona mtu anaushika mguu wake alidhani ni salamu. Alimpa daktari mkono kwa furaha zote, mkia ukipiga meza ya chuma, pa! pa! pa!

"Ngoja, daktari!" Chiriku alipiga kelele. "Haumwi! Ni mkate!"

Sindano ilisimama hewani.

"Mkate gani?" aliuliza mama, polepole sana.

Chiriku alipofunguka, hakufunga tena. Bekari, sinia la nyuma, mabaki, keki, tangi la maji, mwenye duka la viatu, mlishaji wa upepo, mbavu: vyote vilitoka bila kituo, mwishoni vikichanganyika na kamasi. Daktari aliifunika sindano na kuirudisha kwenye trei. Midomo yake ilicheza kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. Mama hakuzuia kitu, kwa sababu hakuwa na kicheko.

"Na hukuniuliza kwa nini?"

"Niliogopa utasema nimeshindwa kumlisha. Na watu walisema tunamnyima."

"Watu! Watu ndio watakaokuja kumbeba ngazini?"

"Subiri, mama," daktari aliingilia kati. "Kwanza tumfundishe, baadaye utamgombeza, muda upo. Binti, njoo. Kunja ngumi. Pitisha kidole cha mkono mwingine juu ya hivyo vifundo. Unasikiaje?"

"Mifupa mitupu."

"Mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Sasa fungua mkono, geuza kiganja, pitisha kidole hapa chini ya vidole."

"Nyama tu. Mifupa iko mbali."

"Zikiwa hivyo, amenenepa kupita kiasi. Sasa nyoosha mkono vizuri, pitisha kidole upande wa juu, kwenye vifundo vile vile."

"Naisikia mifupa, lakini haichomi."

"Hapo ndipo tunapopataka. Mguse Jamvi uniambie."

Chiriku alipitisha vidole ubavuni mwa Jamvi, taratibu, akabonyeza, akabonyeza tena. Uso ulimshuka. "Kiganja," alisema.

"Kiganja kabisa. Mtoto wa mbwa mkubwa mifupa yake bado laini. Anatakiwa akue polepole, awe mwepesi, ubavu uguswe na kiuno kionekane ukimtazama kwa juu. Yule mbwa aliyechekwa pale mlangoni alikuwa mzima. Huu uzito uliomwongezea anaubeba kwenye viungo, ndiyo maana ngazi zimemshinda. Bahati nzuri hajaumia sana. Mkate ukikoma leo, kopo la mama likabaki lile lile, na akitembezwa kidogo kidogo, atapungua na mguu utatulia. Mwezi ujao mleteni nimwone."

Chiriku alishusha pumzi hadi mabega yakalegea.

"Lakini kuna jambo lingine," daktari alisema, sasa bila tabasamu. "Mbwa hawezi kuniambia alichokula. Wewe ndiye mdomo wake. Uliponidanganya, nilikuwa nakaribia kumchoma sindano na kumlaza mbwa asiye na ugonjwa. Ningetafuta mahali pasipo na kitu, na wewe ungerudi nyumbani kuendelea na mkate. Kumpenda mnyama hakutoshi, binti. Lazima useme kweli juu yake, hasa ukweli unaokuaibisha. Na ukiwa huna hakika, uliza kabla hujatenda. Kuuliza hakujamnenepesha mtu."

"Ndiyo, daktari. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Mwombe radhi na huyu." Jamvi alikuwa bado amenyoosha mguu, akingoja salamu yake. Chiriku aliupokea kwa mikono miwili.

Nje, mama alishika njia ya nyumbani.

"Utaninyang'anya kazi ya kumlisha?" Chiriku aliuliza.

"Nimewaza hivyo tangu mle ndani. Kopo nimkabidhi kaka yako."

Chiriku aliona picha ya kaka yake akipuliza filimbi kila asubuhi kumwita Jamvi, na Jamvi akimkimbilia kaka, si yeye.

"Mimi sipendi kudanganywa," mama aliendelea. "Nikidanganywa kipimo, naharibu kitambaa. Umenidanganya mimi, umemdanganya daktari, na mzee wa bekari umemtumia jina langu. Hilo la mwisho limeniudhi kuliko yote, maana kila nikipita ananisalimia kwa heshima, namwona mtu mwema, kumbe ananionea huruma!"

Chiriku karibu acheke, akajizuia kwa wakati.

"Lakini sindano ilipofika umesema, wala hakuna aliyekuuliza tena. Kwa hiyo niambie wewe. Nikuachie kopo au nisikuachie?"

Chiriku alisimama. Jamvi naye akakaa. "Niachie, mama. Lakini kwanza naenda bekari. Namwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Sasa hivi. Nikifika nyumbani nitaogopa."

"Haya. Tangulia."

Mama alibaki mlangoni mwa bekari, mikono kifuani. Chiriku aliingia, Jamvi akimvuta mbele. Ndani palikuwa na joto na harufu ya mkate uliotoka tanurini dakika hiyo hiyo. Mwokaji alikuwa ameshauinua mfuko wa mabaki.

"Karibuni wageni wangu! Leo mna bahati, keki imevunjikia njiani."

Jamvi alikaa kitako bila kuamriwa, akainamisha kichwa upande mmoja, akamtolea mwokaji macho ya yatima.

"Mzee," Chiriku alisema, na sauti ikatetemeka, kisha ikanyooka. "Mama hakunituma. Hakuwahi kunituma hata siku moja, nilikudanganya. Naomba unisamehe. Na mkate umemnenepesha Jamvi mpaka miguu inamuuma, kwa hiyo tafadhali usimpe tena. Hata nikikuomba mimi."

Mwokaji alimtazama Chiriku, akamtazama mama pale mlangoni, akamtazama Jamvi, ambaye alikuwa ameongeza huzuni machoni.

"Hata ukoko mdogo?"

"Hata ukoko."

Mzee alipangusa unga kwenye nyusi, akaurudisha mfuko juu kabisa ya rafu. "Umesema vizuri, na nimekusamehe. Sasa mwondoe upesi, maana mimi roho yangu si ya chuma."

Jamvi hakukubali kuondoka. Alilala sakafuni, miguu minne pande nne, akawa mzito kama gunia la simenti. Chiriku alivuta, hakusogea. Mama alikunjua mikono, akaingia, akashika mkanda upande wa pili.

"Moja, mbili," mama alisema, na wote wawili wakavuta, huku mwokaji akiwafungulia mlango.