Mvumo wa Kisanduku cha Kinyozi

Mvumo ulikatika kabla kinyozi hajakaza waya, na hilo peke yake lilitosha kumtia shaka. Lakini wapi! Mtu ameunguza vidole, ameunguza na meza ya mkewe, akisikia kimya kimeingia hana muda wa kuuliza kimetoka wapi. Aliruka pale uani akapiga makofi peke yake.

Alikuwa anaunda priampu, kile kisanduku kinachopokea sauti changa ya santuri na kuitia nguvu kabla haijaingia kwenye amplifaya. Hakuwahi kuunda kitu maishani. Marehemu baba yake alimwachia sahani za santuri, na hamu ya kuzisikia tena ilimkaa rohoni.

Shemeji yake, fundi redio, alimcheka hadi machozi. "Kinyozi na nyaya wapi na wapi, shemeji? Wewe kata vichwa vya watu." Lakini alipokuja akakuta kisanduku kinavuma mmm bila kukoma, na kunyamaza kila kinyozi alipoligusa bati lake kwa kidole, alijua tatizo papo hapo.

"Hakina ethi. Sasa hivi mwili wako ndio unaokipa njia ya kwenda ardhini. Chimbia chuma uani, funga waya, basi."

Kuchimba tena! Kinyozi na jembe hawaivi. Uani palikuwa na kisima cha zamani kilichozibwa kwa zege, na bomba la chuma limechomoza katikati. Siku wanahamia, mwenye nyumba aliwaambia wafanye watakalo, ila bomba lile wasiliguse. Hakusema kwa nini, nao hawakuuliza. Chuma si hiki hapa, kimeshajichimbia chenyewe? Kinyozi akaupitisha waya wa kisanduku dirishani, akauzungusha kwenye bomba, na hapo ndipo mvumo ulipokatika kabla hajaukaza.

Mchana ule santuri ililia vizuri mno. Kasuku, binti yao, aliyepewa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukujua likizo, alicheza mbele ya spika huku akisimulia mambo ya shule ambayo hakuna aliyemwuliza.

Mkewe ndiye aliyenusa kwanza. "Baba Kasuku, mbona kunanuka maji yaliyolala?"

"Ni rangi ya kisanduku hiyo. Acha nisikilize."

Sahani ikaisha. Kinyozi akainua sindano, na spika ikaendelea. Ilikuwa pumzi, nzito, ya mtu aliyepanda kutoka mbali. Kisha ikaja sauti ya Kasuku, ile ile, ikitokea ndani ya spika: "Mama, njoo unitoe. Huku kuna maji."

Kasuku alikuwa amesimama pale pale katikati ya sebule. Midomo yake ilikwenda, lakini kooni hakikutoka kitu.

"Yallah!" mama alipiga yowe, akanyakua mkasi wa kunyolea, akaukata waya pale dirishani. Na hapo ndipo mvumo uliporudi, mnene, ukipanda kwenye sakafu na kuingia kwenye miguu ya viti na meno ya watu, na mama akachomoa plagi ukutani lakini mvumo haukujali plagi, akakimbilia mlango ukagoma kama umejengewa kwa nje, na Kasuku akaanguka ameshika koo, macho yamemtoka, hata baba yake akakikumbatia kisanduku akitaka kukipasua ukutani, na mara tu mikono yake ilipogusa bati, kimya.

Kasuku akavuta pumzi. Mlango ukajifungua wenyewe.

Kinyozi aliinua mkono kidogo kujaribu. Mmm. Mtoto akakabwa tena. Akaurudisha upesi, akilia.

"Kimbia kamwite mganga," alimnong'oneza mkewe. "Mimi sitoki hapa."

Akabaki amechuchumaa, kidole kwenye bati. Baridi ilimpanda mkononi, bega likafa ganzi, na kila alipotaka kubadilisha kidole aliogopa. Mtoto wake alimtazama bila neno. Hakuwahi kuutamani umbea wa Kasuku kama saa ile.

Mganga, mama mmoja mfupi asiyependa maneno mengi, aliishia mlangoni. "Nani kakata huu waya?"

"Mimi, mama," mke alijibu kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa mlango wa jini wa kisima. Katoka kisimani kuchungulia, nyie mkamfungia ndani. Anatafuta ardhi. Sasa anapita kwa mumeo."

"Na nikiinua kidole?" kinyozi aliuliza.

"Anapita kwa mtoto."

Waya, mganga akasema, ulipaswa kuungwa na yule yule aliyeufunga. Kinyozi alilehemu kwa mkono mmoja, mkewe amemshikia ncha, na mganga anasoma dua dirishani. Risasi ya kulehemu ilipoganda, kinyozi akafumba macho, akainua kidole.

Kimya. Harufu ya maji ikatoka taratibu kuelekea uani. Shemeji aliitwa, na safari hii hakucheka; alikizika kisanduku na waya wake juu ya kisima, akamwagia zege nzito.

Asubuhi Kasuku aliamka na maneno yake yote. Alisimulia ndoto, alimsema mwalimu, aliomba chai, yote kwa mkupuo, na mama yake akacheka huku anafuta machozi. Kinyozi naye alicheka, mpaka mtoto aliponyamaza ili ameze chai.

Mmm.

Aligeukia meza kilipokuwa kisanduku. Palikuwa patupu. Akainama, akaweka sikio karibu na kifua cha binti yake; mvumo ulitoka humo. Kisha akanyoosha kidole polepole, akamgusa begani. Mvumo ukakatika.

"Usitoe, baba," Kasuku alinong'ona. "Ukitoa nazama."

Nje mteja wa kwanza aligonga geti. "Kinyozi! Leo hufungui?"

Kinyozi hakukiinua kidole.