Nimeapa Kumsimamia Tatsuki

"Huyo kashaharibu," alininong'oneza Mzee Kurimoto.

Mbele ya hakimu, mke wa mwizi wa dukani alikuwa analia mpaka maneno hayasikiki.

"Kwa nini? Si anaonyesha anampenda mumewe?"

"Binti, hakimu hapimi mapenzi. Anataka kujua nani ataishi na huyu mtu, nani atamchunga. Huyo mama hajasema hata neno moja la maana."

Mzee Kurimoto alikuwa fundi wa mikeka ya tatami, sasa amestaafu. Anakwenda kusikiliza kesi kama wenzake wanavyokwenda kuvua samaki. Mimi nilikwenda kujifunza. Mchumba wangu, Tatsuki, alikuwa mahabusu. Aliendesha gari amelewa, akamgonga mzee mmoja, akakimbia. Mzee alivunjika nyonga.

Tatsuki alikiri kila kitu. Kilichobaki kilikuwa adhabu: jela au kifungo cha nje. Hapo ndipo huitwa mtu wa karibu, aahidi mbele ya hakimu kwamba atamsimamia mshtakiwa. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Jioni ya kuamkia kesi, wakili wa Tatsuki, Hirokane, alinitumia ujumbe: "Vaa suti nyeusi. Usiingie ukumbini mpaka uitwe."

Nikampigia.

"Wakili, mbona mashahidi wa namna yangu nimewaona wakikaa ndani tangu mwanzo?"

"Chigusa, kila kesi ina mwendo wake. Niamini."

Nikamwamini. Nilikaa kwenye benchi la nje hadi nilipoitwa. Nikaapa. Nikaeleza bila machozi: atahamia kwangu, gari limeuzwa, kazini tutakwenda kwa treni moja. Hakimu alikuwa anaandika.

Mwendesha mashtaka akasimama.

"Shahidi, mshtakiwa alikwambia alikuwa na nani garini?"

"Alikuwa peke yake."

"Maelezo yake, yaliyosomwa hapa kabla hujaingia, yanasema alikuwa na mwanamke. Walikuwa wanatoka hotelini. Uhusiano wao una zaidi ya mwaka. Hukujua?"

"Sikujua."

Nilimtazama Tatsuki. Alikuwa anaangalia sakafu. Nikamtazama Hirokane. Nilishaona mawakili wakishtukizwa: hupekua karatasi, husimama kupinga. Yeye alikuwa ameweka kalamu mezani, macho yake yako kwa hakimu.

Nikaelewa kwa nini niliwekwa nje. Hakimu alitakiwa kuuona uso wangu wakati habari ile inanipiga, halafu asikie jibu langu.

"Bado utamsimamia?" akauliza mwendesha mashtaka.

Nikisema hapana, Tatsuki anakwenda jela. Mpango wote ulitegemea kwamba sitaweza kulitamka neno hilo. Aliyeupanga alikuwa amenijua vizuri.

"Nitamsimamia."

Siku ya hukumu, hakimu alisema ahadi yangu, iliyotolewa katika hali ile, ina uzito. Kifungo cha nje.

Hirokane alinifuata kwenye korido.

"Nisamehe. Ungejua mapema, ungejibu kama mtu aliyefanyishwa mazoezi. Wewe hujui kuigiza."

"Tatsuki aliujua mpango huu?"

Aliinamisha kichwa.

"Nilimweleza. Alikubali."

Mzee Kurimoto alikuwa amesimama karibu, kofia mkononi.

"Umeshinda, binti," alisema, kisha akanitazama vizuri. "Samahani. Nimesema upuuzi."

Tatsuki alitoka na begi lake. Akainama mpaka paji la uso likakaribia magoti.

"Chigusa, yule mwanamke nimeshaachana naye. Nitakuoa. Nitakupenda maisha yangu yote."

"Simama. Watu wanatutazama."

"Niambie basi umenisamehe."

"Nyumbani pombe haiingii. Asubuhi tutapanda treni pamoja, jioni utanisubiri kituoni. Jumapili tutakwenda kwa yule mzee, na kama akikataa kutuona, tutakwenda tena. Godoro lako nimelitandika chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma?"

"Ndiyo."

"Chigusa, mle ukumbini ulisema ndiyo. Ulikuwa umeshasikia yote, na bado ukasema ndiyo. Maana yake unanipenda."

"Nilipoingia ukumbini nilikuwa nakupenda."

Aliliweka begi chini.

"Na sasa?"

"Nilichoapa ni kukusimamia, Tatsuki. Nitakusimamia mpaka siku ya mwisho ya kifungo chako. Kukupenda hakukuwamo kwenye kiapo."

Akalibeba begi lake, akanifuata.