Wa Tisa Kwenye Mstari

"Tisa."

Sauti moja tu, usiku, nje ya dirisha la fundi cherehani. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyeulizwa akajibu, kisha akanyamaza kungoja. Fundi alikaa kitandani, kiganja mdomoni. Aliijua sauti ile. Mwenye sauti ile alizikwa mwaka jana.

Kulipokucha ikawa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Fundi alifagia vipande vya nguo chini ya cherehani, akafunga duka, akavaa viatu vyake vya matope. Watoto wanane walikuwa wakimngoja kibarazani, wamejifunga skafu nyekundu alizowashonea kwa masalio ya vitambaa. Walimwita Shangazi, ingawa hakuwa shangazi wa hata mmoja wao. Kwa miaka sita alikuwa akiwatembeza msituni kwa kujitolea, akiwafundisha kusoma nyayo, kuwasha moto, kufunga fundo lisilofunguka. Kisha akaacha, mwaka mzima. Leo alikuwa anarudi kwa sababu wazazi walimbembeleza mpaka akachoka kukataa.

Na muuguzi naye alikuja, begi la bendeji begani.

"Watoto hawa kwa kuanguka hawana mpinzani," alisema. Kisha akashusha sauti. "Tena nataka nipaone mahali penyewe."

Muuguzi ndiye aliyekuwa mama yake Konokono.

Konokono alikuwa msichana wa miaka saba, wa tisa na wa mwisho kwenye mstari siku zote, maana kila jani alitaka kulijulia hali. Jina hilo la utani alipewa na Redio, mvulana asiyejua kunyamaza, nalo likamganda mpaka fundi mwenyewe akasahau kwamba mtoto ana jingine.

Sheria za kikundi zilikuwa mbili. Shangazi akisema "Hesabu!", kila mtoto ataje namba yake, kuanzia wa mbele hadi wa nyuma. Ya pili fundi aliitunga mwenyewe, na nje ya watoto hakuna aliyeijua: ukipotea, kaa chini. Usisogee. Usimwitikie mtu, mpaka umsikie Shangazi akikuita kwa jina lako kamili. Jina la utani hata mpita njia anaweza kulidaka, akakuhadaa nalo.

Siku ile, mwaka jana, ukungu ulishuka ghafla. Hesabu ikaishia nane. Walimtafuta usiku kucha, majirani na tochi zao, fundi mbele yao, akiita mpaka koo likakauka. Konokono! Konokono we! Orodha ya majina ilikuwa dukani, kwenye droo ya cherehani, naye aliona haya kumuuliza mtu. Mama mtu alikuwa kazini, mji wa mbali, akafika asubuhi walipokwisha kumwona. Alikuwa ameketi kwenye mwamba, hatua ishirini tu kutoka njiani. Miguu pamoja, mikono magotini. Hana jeraha. Ni baridi tu iliyomuua, na mvua.

"Tumepita hapa mara tatu," jirani mmoja alisema huku analia. "Mbona hakuitika?"

Fundi alijua kwa nini. Alijua peke yake.

"Lakini mlimwita?" mama mtu alimuuliza siku ya mazishi.

"Tulimwita."

Siku hiyo jina la mtoto lilisomwa mbele ya watu. Fundi alilisikia, na tangu hapo halikupita mdomoni mwake hata mara moja.

Sasa walikuwa kwenye njia ileile. Manyunyu yalikuwa yanashuka tangu alfajiri, majani yakidondosha maji taratibu, tone baada ya tone. Muuguzi alitembea nyuma kabisa.

"Redio, zima hiyo redio yako," fundi alisema.

"Haizimiki, Shangazi. Nimetia betri mpya."

Watoto wakacheka. Fundi naye akatabasamu, kidogo. Walipofika penye kona, akasimama.

"Hesabu!"

Moja. Mbili. Tatu. Zikapita zote, mpaka nane.

"Tisa."

Kicheko kikakatika. Watoto walimgeukia Redio, na Redio alikuwa namba tatu, mdomo wazi, macho yamemtoka.

"Si mimi," alinong'ona. "Wallahi si mimi, Shangazi."

"Hesabu tena."

Walihesabu tena, safari hii kwa sauti za kutetemeka. Saba. Nane. Na kutoka upande wa mwamba, si karibu zaidi, si mbali zaidi:

"Tisa."

Muuguzi alikuwa ameshika mti. "Hiyo ni sauti ya mwanangu," alisema. Hakulia. "Mbona haji?"

Fundi alitazama chini. Matope. Viatu vyake. Maji.

"Anasubiri," alisema.

"Anasubiri nini?"

"Niliwafundisha wasiinuke. Mpaka niwaite kwa majina yao kamili. Mimi mwenyewe."

"Si uliniambia mlimwita?"

"Tuliita Konokono, dada. Usiku kucha. Tulipita mbele yake tukiita Konokono, naye akakaa kimya kama nilivyomwambia. Jina lake sikulikumbuka. Nisamehe. Sikulikumbuka."

Redio alianza kulia bila kutoa sauti, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona. Muuguzi alimtazama fundi kama anayesoma cheti cha mgonjwa asiyepona.

"Mwite," alisema.

"Siwezi. Mwite wewe, wewe ni mama yake."

"Hakuambiwa anisubiri mimi."

Wakawaacha watoto wameshikana mikono njiani. Wakaenda wawili. Hatua tano. Kumi. Ishirini.

Mwamba wote ulikuwa umelowa, mweusi, unang'aa. Isipokuwa juu yake, mahali pamoja, padogo, palipotosha mtoto kukaa. Hapo palikuwa pakavu. Manyunyu yalianguka kulia, yakaanguka kushoto, hapo hayakugusa. Muuguzi aliweka kiganja.

"Pana joto," alinong'ona.

Fundi alipiga magoti kwenye matope. Alifungua mdomo, pakatoka pumzi tupu. Akafungua tena. Muuguzi hakumsaidia, hakumtajia hata silabi ya kwanza. Alibaki na mkono wake juu ya jiwe, anangoja, wote wawili wanangoja, yeye na aliyekuwa pale.

Ndipo fundi akaliita. La mtoto kwanza, kisha la baba yake, lote zima, taratibu, kwa sauti ya mtu anayemwamsha mtoto asubuhi ili asishtuke. Chini ya kiganja cha muuguzi jiwe likaanza kupoa, na manyunyu yakagusa pale palipokuwa pakavu.