Nusu ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Karani alifagia karakana ya baba yake. Alianzia chini ya meza ya kupigia randa, akapita kwenye kona ya makopo ya gundi, akamalizia mlangoni. Jina lake halisi lilikuwa jingine. Hilo la Karani alipachikwa na baba tangu akiwa mdogo, kwa sababu kila alikokwenda hakukosa kubeba kalamu, na jina likamganda hadi kwa majirani. Sasa baba alikuwa amefariki. Msiba ulikwisha, wageni walirudi makwao, na Karani aliendelea kufagia. Vumbi la mbao lililopatikana halikujaza hata kikopo, lakini alifagia tu.

Hakuwa amelia. Watu walimtazama wakisubiri alie, naye akawatazama wakisubiri. Ndani yake palikuwa kimya, hapakuwa na uchungu wala nafuu. Akiulizwa kama amekula, alisema ndiyo. Akiulizwa kama amelala vizuri, alisema ndiyo. Alikuwa amegundua kwamba neno hilo huwaondoa watu haraka.

Biashara yao ilikuwa ya makochi. Baba alichonga fremu upande huu wa mpaka, kisha fremu zikavuka kwenda kwa shangazi, dada yake baba, aliyekuwa na karakana ya ushonaji upande wa pili. Shangazi alishona mito na kuzivalisha fremu vitambaa. Makochi mengine aliyauza huko huko, mengine yakarudi kuuzwa huku. Kila walipokutana, kaka na dada walitaniana bila kuchoka. Baba alisema bila fremu zake, mteja angekaa sakafuni juu ya mto kama paka. Shangazi alimjibu kwamba bila mito yake, mteja angekaa juu ya kichanja cha kuku.

Lakini mbele ya sheria, hawa wawili hawakuwa na biashara ya pamoja hata kidogo. Leseni ilikuwa ya jina la baba peke yake. Vibali vya kuvusha mizigo vilikuwa vya jina la baba. Mengine yote walipatana kwa mdomo, maana walizaliwa tumbo moja, na nani aandikiane mkataba na dada yake? Baba alipofariki, leseni nayo ikakosa mwenyewe. Fremu za oda ya mwisho zilizuiwa kwenye ghala la forodha. Afisa alimwambia mama, tena kwa upole, kwamba hana uwezo wa kumruhusu marehemu avushe mzigo.

Ndipo mama akaenda kwa wakili. Aliporudi alimwita Karani jikoni.

"Wakili anasema tuchague," alisema huku akimenya viazi. "Biashara inaweza kuwa ya mtu mmoja, au ya ubia, au kampuni. Mimi naona niandike jina langu, mambo yaishe. Shangazi yako tutakuwa tunamlipa ushonaji wake." Akatua kisu. "Baba yako alikwenda na wewe kwa wakili kabla hajaugua. Alikwambia lolote kuhusu shangazi?"

Alikuwa amemwambia. Siku ile walikuta ofisi imefungwa, na walipokuwa wakishuka ngazi baba alisema, "Tutarudi. Nataka shangazi yako awe na nusu, tena kwa maandishi. Cherehani zote za kule ni jasho lake. Ila mama yako usimwambie kwanza, ataninunia wiki nzima. Nitamvizia siku amefurahi." Hawakurudi tena, kwani maradhi yalimwahi.

Karani alimtazama mama. Macho ya mama yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Hakusema kitu," Karani alijibu.

Haikuwa hila. Ukweli ulikuwa mrefu, naye alikuwa amechoka. Mama alishusha pumzi, akaendelea kumenya.

Shuleni, Karani alikaa dawati moja na msichana aliyeitwa Kasuku, ambaye mdomo wake ulijulikana na walimu wote. Wakati wa mapumziko alimweleza jambo lile, kwa sauti ile ile ambayo angeeleza hesabu ya kugawanya.

"Sasa ukisema ukweli, mama atakupiga?" Kasuku aliuliza.

"Hapana. Atasikitika tu. Na ameshasikitika vya kutosha."

Kasuku alifikiri kwanza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Na shangazi je? Yeye hajafiwa?"

Tangu msiba Karani hakuwa amemfikiria shangazi hata mara moja. Aliona aibu. Ilikuwa aibu ndogo tu, lakini ndilo jambo la kwanza alilolihisi baada ya muda mrefu.

Jumamosi shangazi alivuka mpaka kwa basi, wakaenda wote kwa wakili. Ofisi ilikuwa juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda hadi mezani. Wakili alikuwa mwanamke mwenye miwani mikubwa na maneno ya wazi.

"Nirudie, ili kila mtu asikie," alisema. "Biashara ya mtu mmoja ni rahisi kuandikisha, lakini mwenyewe akiondoka, nayo inayumba. Mmeshaliona hilo. Ubia ni wa watu wawili au zaidi, ila deni la biashara linaweza kuwafuata wabia hadi nyumbani. Kampuni ina gharama na makaratasi mengi, lakini sheria inaihesabu kama mtu anayejitegemea. Wenye hisa wakibadilika, yenyewe inabaki. Na inaweza kuandikisha tawi upande wa pili, ivushe mizigo kwa jina lake yenyewe."

"Nimechagua ya mtu mmoja," mama alisema. "Kwa jina langu."

Wakili akamgeukia shangazi. "Basi wewe utakuwa mshonaji wa kulipwa, huna sehemu katika biashara. Unakubali?"

Shangazi alimtazama mama. "Wifi, kaka yangu hakuacha neno?"

"Hakuacha, wifi. Mtoto alikuwa naye, anasema hakuacha."

"Basi ndiyo," shangazi alisema. "Nipe kalamu nitie sahihi, nisije nikaachwa na basi."

Hakukasirika wala hakulalamika. Sauti yake haikuwa na kitu ndani. Karani aliijua sauti ile, maana aliisikia kila siku ikitoka kinywani mwake mwenyewe. Shangazi naye alikuwa akisema ndiyo ili watu wamwondokee.

"Alisema," Karani alitamka.

Wote wakageuka.

"Baba alisema. Nilidanganya. Alitaka shangazi awe na nusu, kwa maandishi, kwa sababu cherehani za kule ni jasho lake." Alimgeukia mama. "Na akasema mama asiambiwe kwanza, atamnunia wiki nzima. Akasema atamvizia siku amefurahi."

Mama akaziba mdomo kwa kiganja, na mabega yakaanza kumtikisika. Ilichukua muda kujua kwamba anacheka na kulia kwa pamoja.

"Kunivizia!" alisema. "Ni yeye huyo. Ni yeye kabisa. Na kweli ningemnunia."

Wakili aliwaacha hadi wakatulia. "Maneno hayo hayana nguvu ya wosia," alisema. "Mirathi itafuata utaratibu wake, na hakuna anayewalazimisha. Mnaamua wenyewe."

Mama alifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Andika kampuni," alisema. "Nusu ya wifi yangu, nusu ya familia ya marehemu."

Shangazi aliirudisha kalamu mezani polepole. Siku hiyo basi lilimwacha, akalala nyumbani kwa kina Karani.

Usajili haukwenda haraka, lakini ulikwisha, na kibali kipya kikatoka kwa jina la kampuni. Afisa yule yule wa forodha alifungua ghala. Mama na Karani walisimama nje wakisubiri gari la mizigo.

"Ulidhani unanionea huruma," mama alisema.

"Ndiyo, mama. Sikutaka usikitike tena."

"Najua. Lakini sikiliza, mwanangu. Uongo wa huruma nao una mtu wa kuulipia, na mara nyingi ni yule asiyekuwepo. Ungempokonya shangazi yako kazi ya maisha yake. Na mimi nikitaka kukasirika, niache nikasirike. Usinichagulie ukweli wa kusikia. Sisi wakubwa tulikosea pia. Tulipendana tukadhani kupendana kunatosha, hatukuandika kitu."

"Nisamehe, mama."

"Nilishakusamehe." Mama alitazama fremu zikitolewa moja moja mlangoni. Sauti yake ikashuka. "Uliponificha maneno yale, ulimficha na baba yako nisimwone. Siku ile kwenye ngazi, alisema nini kingine? Nieleze yote, hata ya upuuzi."

Karani akaanza kueleza. Baba alikuwa akipiga mluzi wakishuka, akakosea ngazi ya mwisho, akaipa pole ile ngazi kama mtu. Hapo sauti ikamkatika, machozi yakaja yote kwa pamoja, na mama akamshika, akamsubiri amalizie.