Mgeni Aliyenyimwa Kahawa

Nyasi za sakafuni hazidanganyi. Ukizitandika asubuhi zikiwa mbichi, jioni zitakuonyesha nani alikaa wapi, nani alinyoosha miguu, na kuku yupi aliingia bila ruhusa. Ndiyo maana Kokuberwa alisimama mlangoni Jumatatu ile, mkono kiunoni, akiitazama pembe ya kushoto ya nyumba yao.

Nyasi za pale zilikuwa zimelala. Zilifanya duara pana lililobonyea katikati, kama vile mtu mzito alikuwa amekaa hapo tangu asubuhi. Lakini Rugemalira, baba yake, alikuwa kwenye shamba la kijiji tangu kengele ya saa moja, na Bibi Klaudia, mama yake Rugemalira, alikuwa uani akianika maharage. Mama yake Kokuberwa alifariki siku aliyomzaa. Katika nyumba ile hakukuwa na mtu wa nne.

"Bibi, nani alikaa pembeni huku?"

"Kuku," bibi akajibu haraka mno.

"Kuku gani mwenye makalio ya ukubwa huu?"

Bibi hakucheka. Na bibi alikuwa mtu wa kucheka.

Ulikuwa mwaka wa 1974. Walikuwa wameacha kibanja chao cha Kibeta, migomba na mibuni iliyopandwa na babu, wakaja upande wa Muleba kuanza kijiji cha ujamaa katika nyika ya majani matupu. Nyumba zilipangwa mstari kama watoto wa shule kwenye gwaride. Migomba ilikuwa bado inafika magotini, na mbuni hapakuwa na hata mmoja. Rugemalira alichaguliwa balozi wa nyumba kumi, akawa anatembea kifua mbele.

Kokuberwa alikuwa na miaka kumi na sita. Shule aliiacha darasa la sita, akiwa wa pili kati ya watoto arobaini, kwa sababu Bibi Klaudia alisema macho yake yanaingia giza na anahitaji mtu wa kumshika mkono. Macho hayo hayo yalitunga uzi kwenye tundu la sindano kila Jumamosi. Kokuberwa aliliona jambo hilo, akalimeza.

Jumanne, duara likarudi. Jumatano ikaja harufu: kahawa inayochemshwa na majani yake, kama wanavyoichemsha Wahaya kabla ya kuianika kwa ajili ya kutafuna. Jirani yao, Mama Alistidia, alikuja mchana kuomba moto, akanusa, akatabasamu.

"Waitu, jamani, mna kahawa mnaficha? Huo ndio ujamaa wenu Walutheri?"

"Hatujapika kahawa, mama," Kokuberwa alisema.

Kisha wote wawili wakasikia. Kutoka pembeni, polepole, kwa raha ya mtu asiye na haraka, kitu kilikuwa kinatafuna. Kru. Kru. Kikanyamaza. Kikameza.

Mama Alistidia aliacha moto, akaacha na kigae alichokuja nacho, akatoka akishika rozari yake. Alipofika uani alinong'ona, "Mwanangu, nyumbani kwenu kuna jini."

Alhamisi Kokuberwa alijifanya anakwenda kisimani. Alizunguka nyuma ya nyumba, akachungulia kwenye ufa wa ukuta. Jua lilikuwa utosini. Alimwona Bibi Klaudia amepiga magoti mbele ya duara lile, amenyoosha mikono miwili yenye kijikapu cha kahawa, jinsi mgeni wa heshima anavyokaribishwa.

"Nyegera, waitu. Karibu utafune."

Punje moja iliinuka yenyewe kutoka kijikapuni, ikaning'inia hewani kidogo, ikapotea. Kru.

Kokuberwa aliingia, akamshika bibi mkono, akamvuta hadi nje kwenye jua.

"Bibi, sema. Leo utasema."

Bibi Klaudia alikaa chini kama mzigo ulioshushwa. Alisema akiangalia vidole vyake.

"Mama yako alipofariki, nawe ukawa hunyonyi, unageuka bluu, nilikwenda kwenye mbuni wa zamani kule Kibeta, ule ambao wazee walikuwa wanauogopa. Nilichuma tunda moja. Nilichanja tumbo langu karibu na kitovu, nikapaka damu punje mbili za tunda hilo. Moja nikameza mimi. Ya pili nikaiacha kwenye jani, ikatafunwa, na sikuona mdomo."

Kokuberwa alielewa. Ndivyo Wahaya wa zamani walivyochanjiana undugu: tunda moja, punje mbili, damu. Anayechanjiana nawe hanyimwi kitu.

"Na yeye alitaka nini?"

"Wewe. Ukikua. Ukae naye, umlishe, usiolewe, usiende mbali. Sasa amekuja kudai." Bibi akafuta pua kwa kanga. "Ni mimi niliyemwambia baba yako akutoe shule. Macho yangu ni mazima. Mgeni alisema umeanza kwenda mbali."

Kokuberwa hakulia. Miaka miwili alikuwa anamshika bibi huyu mkono njiani kwenda kanisani, anamwonyesha mawe ambayo bibi aliyaona vizuri kuliko yeye.

"Na kanisani je? Unakwenda mezani kwa Bwana na punje ile tumboni?"

"Miaka kumi na sita," bibi akasema. "Kwa hiyo usiniombee, mjukuu wangu. Dhambi ya namna hii haina mlango."

Rugemalira aliposikia hadithi ile jioni, alichukua panga, akalikata duara lile la nyasi akitukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili. Ijumaa aliamka mkono wake wa kulia umekufa, unaning'inia kama mkono wa shati. Hapo ubalozi ulimtoka. Alivuka bonde, akarudi na ahadi ya Byarugaba, mganga aliyejulikana hadi Karagwe.

"Kesho alasiri," Rugemalira alimwambia binti yake bila kumtazama. "Atakuja na lubugo, ile nguo ya gome la mti. Utavaa, utakaa pale pembeni, mbuzi atachinjwa, basi. Hutakufa. Utakuwa mtunzaji wake tu."

"Tata, na mimi nikikataa?"

"Nitalima kwa mkono gani?" Rugemalira akasema.

Kokuberwa alikimbia hadi banda la kanisa. Mwinjilisti Nathanael hakuwapo. Amekwenda Kitendaguro kwenye msiba, walisema, na mvua hii ikinyesha barabara haipitiki. Kokuberwa alikaa peke yake kwenye gogo la mbele, pale alipofundishwa kipaimara. Alijaribu kuomba. Maombi yaliyotoka hayakuwa mazuri: alimwomba Mungu bibi yake afe usiku ule. Akashtuka kusikia moyo wake mwenyewe ukisema hivyo. Kisha akakumbuka jambo alilolisema Nathanael siku moja akigonga meza: neema ni zawadi, na ukimlipa aliyekupa zawadi, umemtukana.

Alikwenda nyumbani akilitafuna neno hilo.

Jumamosi mawingu yalishuka mpaka yakagusa paa. Saa tisa alasiri ilikuwa giza kama saa moja jioni. Byarugaba aliingia akiwa amelowa, kifurushi cha lubugo kwapani na kuku mweupe mkononi. Mbuzi alifungwa mlangoni. Nyasi zilikuwa mpya, Kokuberwa mwenyewe alizitandika, na duara lilikuwa tayari limebonyea.

"Vaa, binti," Byarugaba alisema kwa upole.

"Sivai."

"Kokuberwa!" baba yake akanong'ona.

"Sivai, Tata."

Kutafuna kukaanza. Safari hii hakukunyamaza. Kulitoka pembeni, kukapita ukutani, kukazunguka nyumba yote mpaka ikawa haijulikani kama ni meno au ni mvua juu ya nyasi za paa, na harufu ya kahawa ikawa nzito kiasi kwamba moto wa mafigani ukainama, na mbuzi mlangoni, ambaye alikuwa analia tangu aletwe, akafunga mdomo ghafla kama aliyeshikwa shingo, na ndani ya kutafuna kule, polepole, yakaanza kusikika maneno, sauti laini, sauti ya mwalimu mpole anayeita majina ya watoto asubuhi.

"Kokuberwa. Wa pili kati ya arobaini. Dawati la mbele, karibu na dirisha. Mimi sikuchukii. Aliyekuuza ni huyu mzee. Alikuuza ukiwa mchanga, akakudanganya ukiwa mkubwa, akala mkate wa kanisani mdomo ukinuka punje yangu. Nani atamtetea? Mwache akae hapa yeye badala yako. Sema neno moja tu: mchukue. Kesho urudi shuleni, mkono wa baba yako upone, na usinisikie tena maisha yako yote."

Na kibaya zaidi ni kwamba kila neno lilikuwa kweli, na Kokuberwa alihisi neno lile moja limekaa tayari kwenye ulimi wake, jepesi, tamu kama ndizi iliyoiva.

Bibi Klaudia alikuwa ameanza kutambaa. Kanga ilimwanguka begani. Alitambaa kuelekea duara, magoti yakiburuza nyasi, akisema kwa sauti ndogo, "Nakuja, waitu. Nakuja mimi. Mwache mtoto."

Kokuberwa alimrukia, akamkumbatia kiunoni.

"Bibi, rudi!"

"Niache! Nilikuuza!"

"Najua umeniuza! Nimekasirika, na nitakasirika mpaka Krismasi. Lakini kule huendi!"

Aligeuka kuitazama pembe tupu. Sauti ilitoka kubwa, sauti ya mtoto anayejua jibu.

"Wewe! Yote uliyosema ni kweli. Amekula punje yako. Amedanganya kanisani miaka kumi na sita. Na mimi ngoja nikuongezee, maana hili hulijui: jana nilimwombea afe. Haya, sasa unayo yote. Yesu alitufia tukiwa hivi hivi, wachafu, hakusubiri kwanza tuoge. Kama angetaka tustahili, angekuwa bado anasubiri. Kwa hiyo mbuzi hupati, kuku hupati, mimi hunipati, na huyu mzee mwongo ni wa Yesu. Hupati!"

Nyumba ilitikisika. Bibi Klaudia alijikunja mikononi mwake, akakohoa, akakohoa tena kwa nguvu ya kuvunja mbavu, akatapika juu ya nyasi kitu kimoja kidogo. Punje ya buni. Ilikuwa imelowa, ina wekundu, mbichi kana kwamba ilichumwa asubuhi hiyo.

Kutafuna kukakoma. Sauti ikarudi, na safari hii ilikuwa nyenyekevu.

"Basi. Mmeshinda. Nipeni tu punje yangu, nitatoka."

"Mpe!" Byarugaba alisema, jasho likimtiririka. "Mpe upesi, binti, aondoke!"

"Mpe, mwanangu," Rugemalira akasema.

Kokuberwa aliiokota. Ilikuwa na joto, na ilipiga kidogo kiganjani mwake kama moyo wa kifaranga. Alinyoosha mkono kuelekea duara. Kisha mkono ukasimama hewani.

Tangu azaliwe aliona kijikapu kikipita nyumbani kwao. Kahawa hapewi mtu anayeondoka. Kahawa hupewa mtu anayeingia. Unamnyooshea, anapokea, anatafuna, na tangu hapo ni mgeni wako: huwezi kumfukuza bila aibu. Bibi alimnyooshea kule Kibeta, akawa anamnyooshea kila mchana hapa, na kila punje ilikuwa ukaribisho mwingine.

"Unataka nikukaribishe," Kokuberwa alisema taratibu. "Huna aibu wewe."

Akaitupa punje mafigani.

Iliungua kwa mlio mwembamba uliopanda, ukapanda, mpaka Byarugaba akaziba masikio; nyasi zote za pembeni zikasimama wima kama nywele, zikaruka, zikapitia mlangoni juu ya kichwa cha mbuzi na kutawanyika mvuani. Mbuzi akalia. Kwa furaha ya kusikia mbuzi analia, Rugemalira alipiga makofi. Alipiga mara tatu ndipo akagundua kwamba anapiga kwa mikono miwili.

Byarugaba aliondoka bila kuaga. Kuku wake mweupe alimsahau, na kesho yake Mama Alistidia alimkuta ametaga yai juu ya lubugo.

"Mganga gani huyu," alisema, "analipa wagonjwa!"

Jumapili Bibi Klaudia alisimama mbele ya Nathanael, aliyekuwa amerudi kutoka msibani, na kijiji kizima, akasema yote. Alipomaliza aliuliza afanye nini sasa, afunge siku ngapi, alete nini. Nathanael alimwambia akae chini, meza ya Bwana iko tayari. Bibi alikaa, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana.

Januari Kokuberwa alirudi darasa la sita katika shule mpya ya kijiji, mrefu kuliko wote, akichekwa na watoto wa miaka kumi na mbili. Bibi alimbebea kigoda njia nzima, bila kushikwa mkono. Hasira ya Kokuberwa ilikuwa imekwisha kabla ya Krismasi, siku chache kabla.

Ila yule hakwenda mbali. Alasiri za mvua, nyumba ikitulia, mtu hupiga hodi mlangoni kwa sauti laini, ya adabu, akaomba kahawa kidogo tu. Ukitoka kuangalia hukuti mtu. Unakuta majani ya nje yamelala, duara pana, hatua mbili kutoka kizingitini. Mwanzoni Bibi Klaudia alikuwa akitetemeka. Siku hizi hata hainuki.

"Kahawa ipo!" hujibu kutoka ndani. "Ila si yako!"

Kisha huchukua punje yake kijikapuni, akaitafuna kwa nguvu, ili asikike mpaka nje.