Mama Abaki Nje

Mfumaji wa masweta alisimama mlangoni mwa chumba cha eksirei, amembana bintiye kifuani. Mtoto alikuwa anakohoa na kupumua kwa taabu. Daktari alitaka picha ya mapafu.

"Simwingizi!" mama alisema. "Miale itamharibia uzazi."

"Mke wangu, mtoto anatutoka huku tunabishana!" Mumewe alikuwa mpaka rangi, amekuja na nguo zake za kazi. Hofu ilimpandisha sauti.

Mpiga picha, mwanamke wa makamo, hakukasirika.

"Hofu yako si ya bure, dada. Kila seli ya mwili ina DNA, yaani maelekezo yake ya kazi. Miale inaweza kuikata. Lakini wewe ukifuma, uzi ukikatika unafanyaje?"

"Nasimamisha mashine, naunga. Nikijitia sioni, sweta lote litafumuka."

"Seli nayo ndivyo. Kabla ya kugawanyika, inanakili DNA yake. Ikikuta palipokatika inasimama, inatengeneza, ndipo inaendelea. Ikishindwa kabisa, inajiua."

"Inajiua?" Mama alizidi kumbana binti.

"Ili isizae nakala mbovu. Mwili una seli chungu nzima, mtoto hatajua hata. Mara chache kosa hupenya, ndiyo maana hatupigi picha ovyo. Ila miale ya picha moja ya kifua ni michache sana. Cha kuogopa ni ugonjwa usiotibiwa."

Mama alishusha pumzi. "Haya. Naingia naye, nimshike."

"Una mimba?"

Mama alimtupia mumewe jicho. Mumewe alikuwa hajaambiwa.

"Ninayo," alisema, machozi yakimlengalenga.

Mpaka rangi alimgeukia mkewe.

"Basi wewe baki nje," mpiga picha alisema. "Seli za mtoto wa tumboni zinanakili mbiombio, kwa hiyo tunamkinga zaidi. Baba atamshika binti, nitamvika aproni ya kinga."

Mlango ulifungwa. "Mama! Mama!" binti alilia. Mama aliushika ukuta, lakini hakuingia.

Picha ilionyesha nimonia. Mtoto alilazwa, akaanza dawa siku ileile. Baada ya siku chache homa ilishuka, akapata nguvu za kununa.

"Mama, kwa nini ulinikimbia?"

"Sikukukimbia, mwanangu," mama alisema, akauweka mkono wa binti tumboni mwake. "Nilikuwa nimemshika mwenzako."